Unataka kupanga kalenda ya WEC? Anza na gereji, kona baadaye

Kila kalenda ya WEC, yale mashindano ya dunia ya mbio ndefu za magari, ikitoka watu wanaanza, mbona hamna saketi ya Silverstone, mbona hamna Nürburgring, mbona Afrika tumerukwa tena. Haya, leo jifanye wewe ndo mpangaji, unatafuta saketi nane kama ilivyokuwa 2024.

Le Mans, yale masaa 24 ya Ufaransa, usiiguse. Iko tangu 1923, inakaa Juni, na zingine zote unazipanga kuizunguka. Kwa hiyo zimebaki saba.

Sasa hapa ndo wengi wanakosea, wanakimbilia kona tamu. Hesabu gereji kwanza bana. 2024 kulikuwa na magari 37 ya msimu mzima, na kila moja linataka sehemu ya kukaa, sehemu ya kubadilisha tairi na kujaza mafuta (ndo piti), na kwenye mbio za masaa sita gari linaingia piti mara kibao, sasa njia ya piti ikiwa nyembamba ni vurugu tupu. Cheki Sebring kule Florida 2019, wikiendi ileile kulikuwa na masaa 12 ya IMSA, mashindano ya Marekani, gereji hazikutosha, ikabidi WEC watengenezewe piti yao upande mwingine kabisa wa saketi. Ilifanyika ndiyo, ila jiulize bili ya vile alilipa nani. Leseni ya saketi kutoka FIA, wasimamizi wa mbio za magari duniani, nayo angalia, ila hapo usihangaike sana, daraja la 1 ni la Formula 1, huku la 2 linatosha.

Ukimaliza gereji njoo kwenye mzigo, na mimi naona hapa ndo kalenda inapona au inakufa. Magari, matairi, vifaa, vyote vinasafiri, na meli ndo bei rahisi ila haina haraka. Ndo maana Imola (Italia), Spa (Ubelgiji) na Le Mans zimekaa pamoja Aprili mpaka Juni, pale malori yanatosha. Msimu unaoanzia mbali ni ujanja pia, kama ilivyokuwa Lusail Qatar, majaribio na mbio zilifanyika palepale, mzigo ukashuka mara moja. Ila 2024 Bahari Nyekundu haikuwa salama, meli zikachelewa, majaribio ya Lusail yakasogezwa siku mbili (wa Mombasa na Dar mliowahi kusubiri kontena hamhitaji maelezo hapa). Kwa hiyo acha wiki za ziada. Na ukiweka Austin Marekani tarehe 1 Septemba halafu Fuji Japani tarehe 15 kama ilivyokuwa mwaka huohuo, meli sahau, hiyo ni hela ya ndege.

Tarehe zenyewe sasa. Madereva wengi wa WEC wana kibarua kingine. Julai 2017 mbio za WEC za Nürburgring ziligongana na Formula E (mbio za magari ya umeme) New York, dereva Sébastien Buemi alikuwa anaongoza Formula E lakini Toyota walimhitaji WEC, akakosa mbio zote mbili za New York na mwisho wa siku ubingwa wa Formula E ukaenda kwa mpinzani wake Lucas di Grassi. Yaani weka kalenda ya wenzio mezani kabla hujaandika chochote.

Halafu fuata hela. Kampuni za magari zinataka kukimbia mahali zinapouza au zilipozaliwa, Fuji ni nyumbani kwa Toyota, ile saketi ni yao wenyewe, na Imola ni jirani na Ferrari, jukwaa linajaa wekundu bila kulazimishwa. Bahrain na Qatar zina taa, unaweza kumalizia usiku watu wakaona breki zinavyowaka, raha sana kwenye TV.

Kwa wanaoulizia Afrika, saketi ya Kyalami, Afrika Kusini, inajulikana, 2019 ilipokea masaa 9 ya Intercontinental GT Challenge, mashindano mengine ya mbio ndefu. WEC yenyewe tangu ianze 2012 haijagusa bara hili. Pitisha Kyalami kwenye hayo hapo juu, gereji, meli, tarehe, nani analipa, utaona inapokwama.

La mwisho, saketi ya akiba iwe mfukoni, na iwe yenye makaratasi tayari. São Paulo, Brazil, ilikuwa kwenye kalenda ya msimu wa 2019/20, promota akashindwa kutimiza mkataba, mbio zikafutwa miezi michache tu kabla, Austin ikaitwa haraka ikazibeba Februari 2020. Interlagos, saketi ya São Paulo, ilikuja kurudi 2024.