Unapunguza mwili? Beba vitu vizito, usipoteze na mifupa

Watu wengi wakiamua kupungua wanafanya vitu viwili tu, wanakata wali na ugali alafu wanaanza kutembea kila asubuhi, na kweli kilo zinashuka. Shida ni kwamba hazishuki za mafuta peke yake, misuli inaenda na mifupa nayo inapoteza madini, hasa ya nyonga. Mfupa unajijenga kulingana na mzigo unaoubeba kila siku, sasa ukitoka kilo 95 ukafika 80 kazi yake imepungua, na mwili hauna muda wa kutunza kitu kisicho na kazi. Hausikii maumivu yoyote, ndo ubaya wake, mpaka siku unateleza bafuni.

Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2017, wazee wanene 160 wa miaka 65 kwenda juu, waligawanywa makundi na kufuatiliwa miezi 6. Makundi matatu yalikula kwa mpango na kufanya mazoezi tofauti, na yote yalipungua sawa, kama asilimia 9 ya uzito. Ila waliofanya kadio tu (mazoezi ya kupandisha mapigo ya moyo, kama kutembea haraka) mifupa ya nyonga ilipoteza kama asilimia 3 ya madini, waliobeba vyuma nusu asilimia, waliochanganya asilimia 1, na hawa wa kuchanganya ndo waliokuwa fiti kuliko wote kwenye shughuli za kawaida. Kwaiyo kutembea usiache, ongezea tu mzigo.

Gym sio lazima. Chukua dumu la lita 5, jaza maji, hizo ni kilo 5 tayari. Likumbatie kifuani, miguu upana wa mabega, rudisha makalio nyuma kama unatafuta kigoda, visigino visinyanyuke, shuka mpaka pale usipoumia alafu panda. Fanya mara 8 mpaka 12, pumzika dakika moja na nusu hivi, rudia mizunguko mitatu. Kama ile ya 12 umemaliza huku unapiga stori na jirani basi huo mzigo ni mdogo, tafuta dumu la lita 10. Hapa ndo wengi wanakwama, miezi sita mtu yuko na kidumu kilekile cha mwanzo alafu anasema mazoezi hayamsaidii.

La pili ni kunyanyua ndoo kutoka chini, mgongo umenyooka, unakunja nyonga na magoti, ndoo iwe karibu na miguu. La tatu pushapu za ukutani, ukizoea shuka kwenye meza, hizo zinagusa mpaka mifupa ya kiganja na mkono ambayo watu huvunja wakijikinga wasianguke. Mara 2 au 3 kwa wiki inatosha, siku zisifuatane. Ngazi ukiziona panda. Kuruka kamba mfupa unapenda sana ule mshtuko, ila kama bado una uzito mkubwa au magoti yanalalamika subiri kwanza. Kuogelea na baiskeli ni nzuri kwa moyo, kwa mifupa usizitegemee, maji na siti ndo vinakubeba.

Msosi sasa. Hizi diet za wiki nzima juisi ya ndimu na tango achana nazo, nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Protini lenga gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo yako, mtu wa kilo 80 ni kama gramu 80 hadi 96, na yai moja lina 6 tu kwaiyo maharage, samaki na kuku visikose (mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza). Kalsiamu ni miligramu 1000 kwa siku, wanawake waliovuka 50 ni 1200, glasi ya maziwa au mtindi ina kama 300. Dagaa wale na mifupa yao, usiwachambue. Mchicha msiupe sifa zote, kalsiamu yake nyingi imeshikwa na oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye mboga hiyo, mwili hauipati, sukuma wiki inaushinda. Na toka nje upigwe na jua upate vitamini D, ndo inasaidia mwili kuchukua hiyo kalsiamu, jua lote hili afu mtu yuko ofisini asubuhi mpaka giza.

Wanaotumia sindano za kupunguza uzito hii inawahusu zaidi, maana zinakata hamu ya kula mpaka protini inasahaulika.

Dada ukiona siku zako zimekata katikati ya diet na huna mimba, hapo unakula kidogo mno, ongeza chakula na umuone daktari. Aliyewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu, au anayemeza prednisolone (dawa ya steroidi, inadhoofisha mifupa) muda mrefu, apime mifupa kabla hajashika dumu, na kunyanyua huku umepinda mgongo au unajizungusha kwake ni marufuku.