Ukiyo-e kuukuu: ya asili itunze, nakala ndo uifanye kakejiku

Kwanza tuelewane kitu kimoja, kama umebahatika kupata ukiyo-e (picha ya Kijapani iliyochapwa kwa vibao vya mbao) ya kweli ya zama za Edo (1603–1868) au Meiji zilizofuata, hiyo usiipake gundi wala usiibandike kwenye hariri uiviringishe. Wengi wanaanzia hapo hapo, wanaona picha imechoka, ina madoa na vitobo, wanasema ngoja niitilie mgongo mpya niitundike. Hapana bana. Chapa hizi nyingi zilikua za kushika mkononi na kuweka kwenye albamu, saizi yake ya kawaida ya oban ni kama sm 39 kwa 26, na rangi zake zilichanganywa na maji, ukiilowesha ovyo zingine zinaondoka zenyewe. Kwa hiyo ya asili unaigusa kidogo iwezekanavyo, unaipiga picha, unaisafisha kwenye kompyuta, unachapa nakala, alafu hiyo nakala ndo unaitilia bitana na fito iwe kakejiku, ile picha ya Kijapani ya kuning'inia ukutani.

Tuanze na ya asili. Vumbi unalitoa kwa brashi laini kavu, unafagia kuelekea nje, na raba laini ya plastiki unatumia mgongoni na kwenye pambizo tu, sehemu yenye rangi usiiguse maana kuna chapa zilizonyunyiziwa ulanga ili zing'ae na ule ulanga unabanduka kirahisi. Selotepu ya zamani usiivute. Jiki usiisogeze karibu, na kuanika juani ili madoa yapungue ndo kabisa, waridi ya beni (inatoka kwenye ua) na buluu ya aigami (ua lingine) zinafifia kwa mwanga. Kama unataka kujua rangi inastahimili maji, chukua kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo na maji yaliyokenekwa, gusa pembeni kabisa sehemu isiyoonekana, subiri kidogo, kandamiza na karatasi nyeupe ya kunyonya. Ukiona hata kivuli cha nyekundu kwenye karatasi, basi, hapo maji mwiko. Chapa za Meiji (1868–1912) ndo za kuogopa zaidi, wengi walitumia nyekundu na zambarau za viwandani na hizo zinachuruzika mpaka upande wa pili. Buluu ya Prussia ambayo wasanii maarufu wa ukiyo-e Hokusai na Hiroshige waliitumia sana miaka ya 1830 yenyewe ni ngumu, haina shida hiyo, ila kwenye picha moja rangi zinakua nyingi kwa hiyo usijidanganye kwa kupima moja tu.

Vitobo vya wadudu kama ni vichache unaweza kuviziba kwa kipande cha washi (karatasi ya Kijapani) chenye unene ule ule, unakichana kwa mkono badala ya kukata na mkasi ili nyuzi zitokeze pembeni zishikane, unaweka na gundi ya wanga wa ngano kidogo sana kwa nyuma. Kama karatasi imechanika vibaya au ina ukungu, mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi karatasi, hii sio kazi ya kujifunzia kwenye kitu cha miaka 180.

Sasa kuskani. Skana ya A4 haitoshi oban, utaskani vipande viwili vinavyopishana kidogo uje uviunge, au upige kwa kamera iliyonyooka kabisa juu ya picha na taa mbili za pembeni zinazolingana. Ukitumia skana usikandamize kifuniko, hasa kama kuna karazuri, yale maumbo yaliyobonyezwa bila wino, ukiyalaza yamekwenda. Weka karatasi nyeupe nyuma kwa sababu washi ni nyembamba na cheusi cha nyuma kinapenya. Mimi naenda na dpi 600 (nukta kwa inchi), bit 16 kwa kila rangi, faili la TIFF. Ukipiga hesabu oban inakupa kama pikseli 9,200 kwa 6,100, yani unaweza kuchapa mara mbili ya saizi yake kwa dpi 300 bila kuona inaparara. Na kama huna ya asili kabisa usilie, Metropolitan Museum ya New York tangu 2017 imeachia picha za kazi zake nyingi zisizo na hakimiliki bure kabisa, Art Institute of Chicago nayo ina nyingi za bure. Hiroshige alikufa 1858, Hokusai 1849, huko hakuna wa kukudai. Ila wasanii wa karne ya 20 kama Kawase Hasui aliyekufa 1957, hapo soma sheria ya nchi yako kabla hujachapa cha kuuza.

Kusafisha kwenye kompyuta ndo sehemu inayotofautisha nakala nzuri na bango la dukani, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kosa kubwa la watu ni kutaka karatasi iwe nyeupe pee. Karatasi ya kozo (mti ambao gome lake linatengeneza washi) haijawahi kua nyeupe hivo hata siku inachapwa, ilikua na ukrimu fulani, wewe toa ule unjano wa uzee kiasi na uache joto lake. Fanya kazi kwenye leya tofauti usiguse ya chini, GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, inatosha kabisa. Anza na vitobo na madoa ya kahawia, unakopi kutoka sehemu jirani yenye rangi ile ile, brashi ndogo, na kila ukivuka mstari mweusi simama uuchore upya taratibu kwa sababu ule mstari ulichongwa na fundi kwenye mbao, una unene na wembamba wake, ukiukata ukauunga vibaya jicho linaona mara moja hata kwa mtu asiyejua chochote.

Alafu angalia anga. Kwenye chapa nzuri, ukizumu kwenye anga la Hiroshige utaona mistari myembamba ya mbao imepita ndani ya buluu, na rangi inafifia kutoka juu kushuka, hiyo ndo bokashi, mchapaji alipangusa wino kwa mkono kwenye kibao kabla ya kuweka karatasi. Softiwea za kuondoa chengachenga zinadhani ni uchafu, zinalainisha zote na unabaki na anga la plastiki. Izime hiyo kitu. Mihuri nayo iache, wa mchapishaji na ule wa duara wa mkaguzi unaosomeka kiwame, huo ulitumika mpaka 1842 kwa hiyo unasaidia hata kujua umri wa chapa.

Na rangi zilizofifia je, uzirudishe? Hapa watu wanagombana sana. Mimi naona rudisha, lakini kwa ushahidi. Museum of Fine Arts ya Boston ina mkusanyiko wa ndugu wawili wa familia ya Spaulding, waliutoa 1921 kwa sharti kwamba chapa zile zisionyeshwe hadharani kamwe, zaidi ya 6,000, na ndo maana zambarau na waridi zake bado ziko hai. Picha zake zipo mtandaoni. Tafuta chapa ile ile au ya msanii yule yule wa miaka ile, fungua pembeni, pandisha rangi moja moja kuelekea pale. Usiburute saturesheni (ukali wa rangi) ya picha nzima, utapata nyekundu ya kelele na buluu ambayo haikua imefifia hata kidogo nayo inapanda.

Kuchapa: printa ya wino wa pigimenti (chembe za rangi zisizoyeyuka), sio ule wa dai (rangi inayoyeyuka), kwa sababu huko mbele kuna gundi yenye maji na wino wa dai utatembea. Karatasi ni washi iliyoandaliwa kwa printa, Awagami wa Tokushima wanatengeneza, chukua nyembamba ya gramu 70 hivi kwa mita ya mraba maana nene ikiviringishwa inakataa. Nyuzi za karatasi kama zina mwelekeo zielekee juu-chini. Iache ikauke siku nzima, alafu jaribu kipande chakavu kwa tone la maji.

Mara ya kwanza usianze na hariri, tumia karatasi tupu za rangi kuzunguka picha, Wajapani wenyewe wana aina hiyo. Chagua pia picha ya wima. Gundi: wanga wa ngano kipimo kimoja kwa maji vinne au vitano, loweka, pika moto mdogo huku unakoroga bila kuacha kama nusu saa mpaka iwe nzito na inayopitisha mwanga, ipoze, ichuje, uipunguze kwa maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Gundi nzito ndo inayofanya kakejiku zikunje masikio pembeni, karibu kila mara.

Laza nakala uso chini kwenye meza safi, nyunyizia maji kidogo, subiri itulie, toa mikunjo. Paka gundi kwenye karatasi ya bitana (sio kwenye picha), inyanyue kwa rula, ishushe polepole kuanzia upande mmoja huku brashi kavu pana, nadebake, inafagia kutoka katikati kwenda nje. Kipovu cha hewa usikitoboe, nyanyua upya mpaka pale ulaze tena. Alafu paka gundi kingo tu, ibandike kwenye ubao kwa kingo hizo na uache mwanya mdogo wa kupitishia kijiti bapa cha mwanzi siku ya kuibandua. Ikikauka inajivuta yenyewe inanyooka. Usiweke feni.

Karatasi za kuzunguka nazo zitilie bitana vile vile, kata kwa wembe mpya, unganisha kwa kupishanisha mm 3: kwanza vipande vyembamba vya juu na chini ya picha, ichimonji, alafu vya pembeni, mwisho vya juu kabisa na chini kabisa. Sehemu ya juu iwe ndefu kuliko ya chini. Pinda pindo, weka bitana ya mwisho kwa nyuma ukiacha mifuko ya fito, rudisha kwenye ubao, na hapa subira, wiki mbili tatu, mafundi wanaacha zaidi. Ikitoka sugua mgongo kwa nta kidogo na kitu kigumu chenye uso laini ili ilainike kuviringika. Ufito wa juu ni nusu duara, wa chini ni duara mzito kiasi wenye vichwa viwili pembeni, kamba juu, umemaliza.

Kabla ya kutundika andika nyuma kwa penseli: nakala, jina la msanii, mwaka uliochapa, ili kesho mtu asije akaiuza kama ya Edo. Itundike mbali na dirisha, na baada ya wiki chache ishushe uiviringishe bila kuikaza.