Mdhibiti Wako Akiunganishwa na Mwingine: Ripoti Upeleke Wapi

Januari 2025 Baraza la Mawaziri la Kenya liliidhinisha mashirika 42 ya serikali yaunganishwe yabaki 20. Kwa mfanyabiashara wa Malindi mwenye leseni, swali ni moja: ripoti ya mwezi huu nimpelekee nani?

Wenye nazi tulishayaona haya. Sheria ya 2013 iliyounda mamlaka ya kilimo ilikusanya kazi za mamlaka ya minazi pamoja na za pamba, kahawa na miwa, zikawa chini ya chombo kimoja. Ofisi iliondoka, wajibu ulibaki.

Kwanza, usichanganye tangazo na sheria. Uamuzi wa mawaziri haubadilishi chochote mpaka sheria ya mdhibiti wako, yaani shirika linalokupa leseni, irekebishwe na ianze kutumika. Fuatilia Gazeti Rasmi la Serikali. Kabla ya hapo, peleka ripoti kulekule, kwa tarehe zilezile.

Sheria ikitoka, tafuta vifungu vya mpito, mara nyingi viko mwishoni. Ndivyo vinavyosema nani anarithi madeni na kumbukumbu, na leseni yako inadumu mpaka lini. Usilipie leseni mpya kabla ya kuvisoma.

Kisha gawa hesabu. Sheria ikianza tarehe 15, piga mstari kwenye buku la manunuzi: ripoti moja ya tarehe 1 hadi 14, nyingine ya 15 kuendelea. Kilo, bei, mzigo ulikotoka na ulikouzwa.

Sasa barua kwa mdhibiti mpya, na hapa usifanye haraka. Andika hivi: "Mimi mwenye leseni nambari fulani nawasilisha ripoti ya kipindi hiki, ambayo awali nilikuwa nikiipeleka kwa mamlaka fulani. Naomba mnijulishe kwa maandishi ripoti zijazo ziwasilishwe wapi, kwa fomu gani na lini." Toa nakala mbili. Yako igongwe muhuri wa kupokelewa, iwe na tarehe na sahihi. Mafaili hupotea ofisi zikihama, na mkaguzi akija bila kumbukumbu zako, karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea.

Ada za serikali kuu hulipwa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, paybill 222222. Anayekupa nambari yake ya simu ulipie huko, mkatalie.

Ushuru wa mazao wa Kaunti ya Kilifi na ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato, haziguswi na muungano huu. Endelea nazo kama kawaida.