Kumsaidia mgonjwa wa presha abadili mwenendo: anza na chungu cha nyumbani

Nahudumia wagonjwa wa presha na kisukari hapa Lamu, na haya nawaandikia wahudumu wenzangu wa zahanati na wa mitaani. Niliwahi kumpa mzee mmoja, mvuvi, karatasi ya makatazo kumi: chumvi, mafuta, sukari, sigara na mengineyo. Akashukuru, akaikunja. Mwezi wa pili akarudi na presha ile ile. Kosa lilikuwa langu. Siku hizi nafuata njia hii.

Hatua ya kwanza: pima sawasawa

Akae dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi wala si juu ya kanzu. Kama amekunywa kahawa, amevuta sigara au anatafuna miraa, ngoja angalau nusu saa. Pima mara mbili. Kipimo cha 140/90 cha siku moja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Arudi kupimwa siku nyingine.

Hatua ya pili: jua anaishije

Mwaka 1974 Marc Lalonde, waziri wa afya wa Kanada, alitoa ripoti iliyoigawa afya ya mtu mafungu manne: maumbile, mazingira, mwenendo wa maisha na huduma za matibabu. Nayaulizia yote. Nani katika ukoo alipooza? Maji ya kunywa mnateka wapi? (Visima vingine vya visiwani mwetu ni vya maji ya chumvi, na chumvi hiyo nayo yaingia mwilini.) Akivua usiku, alala saa ngapi? Dawa zikimwishia, anapata nyingine?

Na nani anapika? Swali hili usiliache kabisa. Mzee wangu yule hajawahi kutia chumvi chunguni maisha yake. Nilimkataza jambo lililo mkononi mwa mkewe.

Hatua ya tatu: chumvi ionekane kwa macho

Nikamwomba aje na mkewe. Nikatandaza karatasi nyeupe mezani, nikampa bibi pakiti ya chumvi. "Mama, nitilie hapa kiasi unachotia kwenye wali wa nazi."

Akamimina kiganjani kwanza, kama afanyavyo jikoni, kisha karatasini. Tukapima kwa kijiko cha chai, tukikisawazisha kwa kisu: vijiko vinne.

"Mnakula wangapi?"

"Watano."

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai. Wali pekee ulikaribia kuimaliza, na bado samaki wa kupaka, achari na kipande cha ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi. Yule mama akaitazama karatasi kitambo, kisha akachota nusu akairudisha kwenye pakiti. Sikuongeza neno.

Hatua ya nne: achague moja, yeye mwenyewe

Muulize: "Katika haya, lipi waona utaliweza kuanzia kesho?" Kisha: "Kutoka 0 hadi 10, una hakika kiasi gani?" Akisema 4, usimuulize mbona si 8. Muulize mbona si 1, naye atakutajia nguvu alizonazo. Akiwa chini ya 7, jambo hilo bado zito, lipunguzeni.

Wao walichagua chumvi nusu, ndimu na pilipili zaidi, na ng'onda kuroweka usiku kucha na maji kumwagwa. Baraza la jioni sikuligusa. Pale ndipo anapopata wenzake, na hiyo nayo ni afya.

Kutembea hufuata baadaye: dakika 150 kwa wiki, mwendo wa kuhema kidogo. Kwenda kijiji cha Shela kwa miguu, ufuoni maji yakitoka, kwafaa sana, ila mwenye kisukari asiende pekupeku.

Dawa haziachwi kwa sababu chumvi imepungua. Na anayetaka kufunga Ramadhani aje wiki sita kabla, tupange vipimo na dawa.

Hatua ya tano: mfuatilie mapema

Wiki ya pili, usingoje mwezi. Akiwa ameteleza, usimfokee. Muulize siku ile ilikuwaje. Mara nyingi ni harusi, na harusi nyingine haziko mbali, basi pangeni pamoja atakula nini huko. Mgonjwa akiniruhusu, kwenye kadi yake naandika pia jina la anayepika, na simu ya kukumbusha nampigia huyo.