Jinsi ya Kujijenga Kuwa Mwogeleaji wa Kupokezana wa Mtindo Huru

Mwogeleaji anayetaka kujipatia jina katika mbio za kupokezana za mita 4 x 100 za mtindo huru hana budi kuanza na mita 100 za mtu mmoja mmoja, kwa kuwa makocha huchagua kikosi kwa kutazama nyakati zilizopatikana humo. Kila nchi huruhusiwa kupeleka waogeleaji wawili tu katika mita 100 za Olimpiki, lakini Marekani, katika mashindano yake ya kuteua timu ya taifa, huangalia hadi nafasi ya sita ili kupata watu wa kupokezana. Kwa hiyo usiidharau nafasi ya tano wala ya sita. Mmarekani Jason Lezak alimaliza wa sita katika mashindano hayo mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 36, akaenda London kwa Olimpiki yake ya nne, akaogelea raundi ya awali, na wenzake walipotwaa fedha katika fainali yeye naye akapata medali, maana waogeleaji wa raundi ya awali huhesabiwa kuwa sehemu ya timu.

Ukishaingia kikosini, jambo linalostahili muda wako kuliko mengine yote ni makabidhiano. Anayeanza mbio husubiri mlio, na mwili wake huchukua zaidi ya nusu sekunde kuuitikia na kuondoka jukwaani. Anayepokea humwona mwenzake akija, hivyo aliyefunzwa vizuri huondoka sekunde 0.1 au 0.2 tu baada ya ukuta kuguswa. Nafuu hiyo haikugharimu nguvu yoyote ya mikono, na nashangaa kuona vilabu vingi vikiifanyia mazoezi wiki ya mwisho tu kabla ya mashindano.

Simama jukwaani ukiwa umeinama, mikono ikiwa imenyooka mbele, na umfuate kwa vidole mwenzako anayekuja. Chini ya bwawa, mstari mweusi wa kila njia huishia kwenye mstari mfupi wa kukingama, mita 2 kutoka ukutani. Kichwa chake kinapofika hapo, anza kuzungusha mikono kwa nyuma, kisha juu, na mbele, huku uzito ukihamia kwenye vidole vya miguu. Mwili wako uwe tayari umeanza kwenda mbele, lakini vidole vya miguu viwe bado vimegusa jukwaa wakati yeye anapogusa ukuta. Ukiondoka mapema timu nzima inaondolewa, ingawa vyombo vya kielektroniki huachia kosa la hadi sekunde 0.03. Anayekuja naye ana wajibu wake: asivute pumzi katika mipigo ya mwisho, asiteleze bila kupiga mkono, na asipunguze kasi, kwa sababu anayepokea hukadiria kwa kasi hiyo hiyo. Fanyeni zoezi hili wawili wawili mkiwa mmechoka, kwa kuwa ndivyo mtakavyokuwa siku ya fainali.

Zamu ya kwanza ina faida yake: ni muda wa mwogeleaji huyo pekee unaoweza kutambuliwa kuwa rekodi ya mita 100, kwani yeye huanza kwa mlio. Eamon Sullivan wa Australia aliweka rekodi ya dunia ya sekunde 47.24 kwa njia hiyo katika fainali ya 4 x 100 ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008.

Zamu ya mwisho inataka mtu asiyebabaika. Katika fainali hiyo hiyo Lezak alipokea akiwa nyuma ya Ufaransa kwa sekunde 0.59, na mbele yake alikuwepo Mfaransa Alain Bernard. Aliogelea karibu na kamba iliyowatenganisha ili asaidiwe na mawimbi ya mpinzani, akamaliza zamu yake kwa sekunde 46.06 dhidi ya 46.73 za Bernard, na Marekani ikashinda kwa dakika 3:08.24, sekunde 0.08 tu mbele ya Ufaransa. Kabla ya hapo alikuwa katika timu zilizoshindwa mbio hizi Sydney mwaka 2000 na Athens mwaka 2004, na medali yake ya kwanza ya Olimpiki ya mtu mmoja mmoja, shaba ya mita 100, aliipata siku chache baadaye, akiwa na miaka 32. Usikate tamaa mapema kwa sababu ya umri.

Mwisho, jifunze kanuni za kutoka majini. Ukimaliza zamu yako, ondoka bwawani haraka bila kumzuia mtu yeyote, wala usirudi majini hadi timu ya mwisho kabisa iguse ukuta. Katika mashindano ya dunia ya Fukuoka mwaka 2001, wanawake wa Australia walimaliza wa kwanza katika mita 4 x 200, wakarukia bwawani kwa furaha wakati timu nyingine bado zinaogelea, wakaondolewa, na dhahabu ikaenda Uingereza.