SOMO: Jinsi ya kujua programu imebadilisha nini kwenye kompyuta yako, picha ya kabla na baada

Wakuu habari za jioni. Leo nataka tuongelee kitu ambacho mafundi wengi tunakiruka, tunaweka programu tunabonyeza Next Next Finish, mteja analipa anaondoka, baada ya wiki anarudi mashine imekuwa nzito, brauza inafungua ukurasa hata haujui na hakuna anayejua kimeingia nini.

Mwezi uliopita yamenikuta. Nilimwekea mama mmoja wa stationery programu ya bure ya kugeuza PDF kuwa Word, hakuipenda nikaifuta kwenye Control Panel, lakini kila akiwasha kompyuta kidirisha cheusi kinatokea kama sekunde moja kinapotea. Nimekaa na ile laptop siku mbili mpaka nikakuta kazi ya kujiwasha yenyewe (scheduled task) imejipanga ndani ya C:\Windows\System32\Tasks. Siku mbili nzima yule mama hachapi, wanafunzi wanafika wanaondoka, iliniuma sana. Kama ningepiga picha, yaani kuhifadhi orodha ya mafaili na mipangilio ilivyo, kabla ya kuweka ile kitu ningeiona siku hiyohiyo.

Elewa hivi, programu ikiingia inaandika sehemu mbili. Mafaili, yaani Program Files, ProgramData na AppData, halafu rejistri, ambalo ndo daftari kubwa la Windows la mipangilio yote. Ukiifuta, inaondoka na vile tu ambavyo aliyeitengeneza aliamua viondoke, vingine vinabaki humohumo.

Tutatumia Regshot, programu inayopiga hiyo picha na kulinganisha ya kabla na ya baada, ni ya bure na haihitaji kuwekwa, unafungua faili lake lililobanwa unaiwasha. Kama Windows yako ni ya biti 64 chagua ile iliyoandikwa x64, usichukue x86 maana sehemu nyingine za rejistri haitaziona vizuri.

1. Funga kila kitu, brauza, WhatsApp, muziki. Hii usiipuuze, kila kinachotembea kinaandika na kitakuchafulia majibu.

2. Fungua Regshot, chagua Plain TXT. Weka tiki kwenye Scan dir1 halafu andika folda unazotaka zikaguliwe ukizitenganisha na nukta mkato, mimi huwa naweka C:\Program Files;C:\Program Files (x86);C:\ProgramData;C:\Windows\System32\Tasks pamoja na AppData ya mtumiaji. Ukiweka C:\ nzima kwenye mashine ya diski ya zamani nenda kanywe chai kabisa.

3. Bonyeza 1st shot, kisha Shot. Subiri imalize.

4. Weka programu yako. Ukimaliza ifungue mara moja, kuna vitu vinaandikwa siku ya kwanza inapowashwa tu, halafu ifunge.

5. Bonyeza 2nd shot, kisha Shot, ikimaliza bonyeza Compare. Notepad itafunguka na majibu.

Sasa hapa ndo penye kazi na ndo wengi wanakata tamaa, unakuta mistari mamia. Usisome yote. Anza na Values added, tafuta neno CurrentVersion\Run, hapo ndo wanapojiandikisha wanaotaka kuwaka pamoja na kompyuta. Kisha tafuta Services, yaani zile zinazotembea kimyakimya nyuma ya pazia. Ukiona kitu kimoja kimeandikwa mara mbili, ControlSet001 na CurrentControlSet, usishtuke, ni kilekile. Na mipangilio ya mtumiaji usiitafute kwa jina la HKCU, humo inaonekana kama HKU\S-1-5-21 na tarakimu ndefu. Kisha shuka Files added uone kama kuna kipya kwenye Tasks.

Kelele za kuruka: UserAssist na mafaili ya .pf, hayo Windows inayaandika yenyewe ili programu zifunguke haraka. UserAssist ni Windows inahesabu programu ulizofungua, na majina yake yamesogezwa herufi 13 kila moja, kwa hiyo .exe inasomeka .rkr. Niliwahi kudhani ni kirusi, nikahangaika nayo usiku kucha.

Hilo faili la majibu litunze, lipe jina la programu na tarehe. Mimi nina folda nzima, mteja akirudi nafungua tu. Haya maswali.

SWALI: Mkuu asante kwa somo, mimi programu nimeshaiweka tangu wiki iliyopita, naweza kupiga picha sasa hivi?
JIBU: Hapana mkuu, picha ya kabla huna, hakuna cha kulinganisha. Tumia Autoruns ya Sysinternals, itakuonyesha vyote vinavyojiwasha, ondoa tiki kwa usichokijua kwanza, usifute. Angalia pia System Restore kama kuna pointi ya kabla ya siku hiyo.

SWALI: Kaka samahani, kwa hiyo vile vyote vilivyo Added navifuta kwenye rejistri?
JIBU: Usifanye hivyo dada yangu! Humo kuna vya Windows yenyewe vimejichanganya. Ifute programu kwa njia ya kawaida kwanza, piga picha nyingine, kilichobaki chenye jina la ile programu ndo unakishughulikia, na kabla ya kugusa fanya Export ya hiyo sehemu ili ukikosea urudishe.

SWALI: Bro nimejaribu, programu ikataka restart, nimerudi 2nd shot haibonyezeki kabisa
JIBU: Hapo kosa ni langu sikulisema juu. Ukibonyeza Shot tu picha inakaa kwenye memori, ukizima inapotea. Chagua Shot and Save, ukirudi unabonyeza 1st shot halafu Load.

SWALI: Na sisi wa Ubuntu?
JIBU: Nyie mna raha, kilichowekwa kwa apt kimeandikwa tayari kwenye /var/log/apt/history.log, na dpkg -L ikifuatiwa na jina la pakiti inakutajia mafaili yake. Ila ukiweka kwa sudo make install hayo yote hayakusaidii, hapo itabidi na wewe upige orodha ya /usr/local kabla na baada kwa find, halafu uzilinganishe kwa diff.