Kupanga Mwaka wa Mwanamuziki wa Kujitegemea wa Pwani

Anza kupanga kalenda yako na Ramadhani, kwa kuwa katika mwezi huo, ambao kila mwaka huanza takriban siku 11 mapema zaidi, maonyesho mengi ya pwani husimama. Utenge kwa ajili ya familia na kutunga nyimbo mpya. Idi ikiwadia kumbi hufunguliwa, na hapo ndipo uzijaribu nyimbo hizo jukwaani kabla ya kulipia studio, ambayo hula akiba haraka ikiwa bendi bado inabishana kuhusu mpangilio wa ala. Usirekodi sauti mara tu utokapo ziarani, maana koo lililochoka husikika. Kwa aliye Tanzania Bara, kazi iliyokamilika isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kusambazwa.